Maji Yalipokatiwa Njia

Mwaka 1728 wapima ardhi walitumwa kuchora mpaka kati ya makoloni mawili ya Waingereza huko Marekani, Virginia na North Carolina. Mstari ulianzia ufukweni mwa Atlantiki ukielekea magharibi, na haukwenda mbali kabla ya kufika mahali ambapo ardhi haikuwa ardhi na maji hayakuwa maji. Miti mikubwa imesimama ndani ya maji yenye rangi ya chai ya mkandaa, na ukikanyaga chini panabonyea. William Byrd, tajiri wa Virginia aliyekuwa mmoja wa wakuu wa msafara ule, aliwaambia wapima ardhi waingie na minyororo yao ya kupimia. Yeye mwenyewe akazunguka kwa nje. Wenzake walipotokea upande wa pili siku nyingi baadaye, wakiwa hoi kwa njaa na uchovu, Byrd alikuwa keshaamua kinamasi kile ni kitu gani: chanzo cha hewa mbaya na magonjwa, mahali ambapo ati hata ndege hawataki kupita juu yake.

Shika hiyo, manake mambo mengi yaliyofuata yanatoka hapo. Mtu aliyeandika kwanza, kwa kirefu na kwa sauti ya uhakika, kwamba kinamasi hakifai kitu, hakuwa amekivuka. Na ni yeye huyo aliyeandika pendekezo la kukikausha kwa mitaro, kazi ifanywe na watumwa, kisha ipandwe mimea ya nyuzi za kutengenezea kamba.

Mahali penyewe panaitwa Great Dismal Swamp. Ukitafsiri neno kwa neno unapata kitu kama Kinamasi Kikuu cha Majonzi, ingawa enzi zile watu wa pwani ile walitumia neno hilo "dismal" kwa vinamasi kwa jumla. Wanansemond, wenyeji wa sehemu hizo kabla Mwingereza hajatia mguu, waliwinda na kuvua humo vizazi na vizazi. Kwa hiyo pakiitwa pori tupu, ujue utupu huo ulikuwa machoni mwa msemaji.

Sasa hebu tuelewane kuhusu udongo, kwa sababu bila udongo historia hii haieleweki. Kinamasi kiko kwenye nyanda za chini za pwani, karibu na mji wa Norfolk. Upande wa magharibi kuna mwinuko mrefu ambao zamani za kale ulikuwa ufuo wa bahari. Maji huteremka kutoka huko kwenda mashariki, lakini hayaendi kama mto. Yanatambaa, mapana na polepole, kama maji uliyomwaga sakafuni ukipiga deki. Majani, matawi na mizizi ikianguka humo haiozi ikaisha, kwa kuwa ndani ya maji yaliyotulia hewa ni haba. Inalundikana. Kwa maelfu ya miaka inakuwa udongo mweusi, mwepesi, uliojaa maji, mboji ambayo mahali pengine ina kina cha zaidi ya futi 10. Katikati kuna ziwa, Lake Drummond, lenye ekari 3,100 hivi na kina cha kimo cha mtu tu. Cha ajabu ni kwamba ziwa hilo liko juu kuliko ardhi ya upande wa mashariki. Sisi tumezoea maji yakiteremka kuingia ziwani. Pale hutoka ziwani yakateremka.

Mboji ni sponji. Ukikata mtaro ndani ya sponji, kingo za mtaro zinaanza kuvuja, na maji yaliyokuwa yakitambaa yanapata njia ya mkato. Mboji ikikauka, hewa inaingia, na kile kilichokataa kuoza kwa miaka elfu kadhaa kinaanza kuoza sasa. Udongo unapungua, unashuka. Halafu kuna jambo la pili: mboji kavu ni kuni. Nitalirudia hilo baadaye.

Nilisoma jiografia chuoni kwa miaka miwili kabla karo haijanishinda, na kwenye masomo yale kukausha ardhioevu kuliitwa kurudisha ardhi. Kurudisha kutoka kwa nani, hakuna aliyesema, na sikumbuki mtu yeyote darasani akiuliza.

George Washington alikitembelea kinamasi hiki mwaka 1763, akiwa kijana wa miaka 31, miaka mingi kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Marekani. Tofauti na Byrd, yeye alikitazama kwa makini na akaona pesa. Mwaka huohuo yeye na wenzake matajiri wa Virginia wakaunda kampuni ya kukausha kinamasi, wakaomba ardhi ya bure, na wakagawana hisa. Mchango wa kila mwenye hisa haukuwa fedha peke yake. Alitakiwa kuleta watumwa watano. Julai 1764 wakakusanywa watu 54, wanaume kwa wanawake, wakathaminiwa mmoja mmoja kwa pauni. Karatasi ile ya tathmini bado ipo: jina, kisha bei. Hao 54 ndio walioanza kuchimba. Mtaro walioukata kutoka ukingoni mwa kinamasi hadi ziwani, karibu maili 5, hadi leo unaitwa Washington Ditch, Mtaro wa Washington. Sina hakika kama yeye mwenyewe aliwahi kushika koleo humo hata kwa dakika tano za kupigia picha, kama wanasiasa wetu siku ya kupanda miti. Enzi zile hakukuwa na kamera, hakukuwa na haja.

Mwaka 1768 msimamizi wa kampuni alichapisha tangazo gazetini akimtafuta mtu aitwaye Tom, mmoja wa wachimbaji wale, Mwafrika aliyekuwa bado na chale za kwao mashavuni. Alikuwa ametoroka mwaka uliotangulia. Kampuni ilikuwa imempeleka mtu kukausha kinamasi, na ndani ya miaka michache mtu huyo ametoweka. Alikoelekea tangazo halisemi.

Kukausha kulishindikana. Hilo ni muhimu. Mtaro mmoja kwa majembe na makoleo, dhidi ya sponji la maelfu ya ekari linalojazwa kila mvua ikinyesha, haukutosha kuleta mashamba yale waliyoyaota. Kampuni ikasumbuka miaka, vita vya uhuru vikaingilia, Washington akajaribu kuuza hisa yake mwaka 1795 kwa jenerali mmoja rafiki yake, Henry Lee, ambaye alishindwa kulipa, hisa ikarudi. Lakini katikati ya kusumbuka huko waligundua kwamba utajiri haukuwa chini ya maji. Ulikuwa umesimama wima juu yake.

Kulikuwa na mierezi myeupe na misaiprasi. Usifikirie saiprasi za ua wa Kinangop. Hii ni miti inayosimama majini, yenye mbao zisizooza upesi, na mbao zake zikipasuliwa nyembamba zinakuwa vigae vya kuezekea paa. Miji ya pwani ya Marekani ilikuwa inakua na kila nyumba inahitaji paa. Basi kampuni ya kukausha kinamasi ikawa kampuni ya vigae, na hapa ndipo mambo yanapogeuka kwa namna ambayo mimi naona ndiyo kiini cha hadithi yote. Mkaushaji anataka maji yaondoke. Mkata miti anataka maji yabaki kidogo mtaroni ili mashua yake bapa ielee na mzigo. Nia zao zinapingana kabisa. Ila mtaro haujali nia. Ukishakatwa, unavuta maji usiku na mchana, awe aliyeukata anataka shamba au anataka njia ya kupitishia vigae. Waliotaka kukausha kinamasi walishindwa. Waliotaka mbao tu ndio waliokikausha, mtaro kwa mtaro, kwa miaka mia mbili.

Mkubwa kuliko yote ulikuwa Mfereji wa Dismal Swamp. Virginia iliuidhinisha mwaka 1787, North Carolina mwaka 1790, na uchimbaji ukaanza mwaka 1793. Ulikuwa na urefu wa maili 22, kuunganisha maji yanayokwenda Norfolk na mto Pasquotank upande wa kusini, ili mazao na mbao za North Carolina zipate bandari. Ulichimbwa kwa mikono. Miaka 12. Wachimbaji walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana wao kwa mwaka, kama mtu anavyokodisha ng'ombe wa kulima.

Tunajua kazi ile ilivyokuwa kwa sababu mtu mmoja aliyeijua alipata nafasi ya kusimulia. Moses Grandy alizaliwa utumwani katika jimbo la North Carolina karibu mwaka 1786. Alikuwa nahodha wa mashua za mfereji, na alinunua uhuru wake mara tatu. Ndiyo, tatu. Bwana wa kwanza alipokea dola zake 600 kisha akamuuza. Wa pili vilevile akapokea dola 600, naye akamtoa kwa mwingine. Mara ya tatu ndipo akapata karatasi yake. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa London mwaka 1843. Humo anaeleza wachimbaji wakisimama kwenye matope na maji hadi kiunoni na zaidi, wakikata mizizi na kuchota tope, na kwamba ilimradi kichwa kiko juu ya maji, kazi iliendelea. Anaeleza mnyapara aliyechapa watu hadi ngozi ikachanika kisha akaamuru maji ya chumvi yamwagwe kwenye vidonda. Walilala kwenye vibanda vya kuezeka ovyo, juu ya tope lilelile waliloshinda wakilichota.

Tope hilo lililochotwa liliwekwa wapi? Swali linaonekana dogo. Liliwekwa pembeni, likawa tuta refu sambamba na mfereji, na juu ya tuta ikapita barabara. Kumbuka maji ya kinamasi yalikuwa yakitambaa kutoka magharibi kwenda mashariki. Mfereji ulikwenda kaskazini na kusini. Yaani walijenga ukuta wa maili 22 katikati ya njia ya maji. Upande wa mashariki ukakatiwa maji yake, ukakauka, ukawa mashamba. Leo ni ardhi ya mahindi na soya, na nyumba za watu, na wengi wanaoendesha gari hapo hawajui kwamba palikuwa kinamasi. Upande wa magharibi ukabaki na maji, lakini nayo yalihitajika kwingine: mfereji wenyewe ulikuwa unakaukiwa kiangazi, mashua zinakwama. Suluhisho likawa kuchimba mtaro mwingine, uliokamilika mwaka 1812, wa kuleta maji ya ziwa hadi kwenye mfereji. Kuanzia hapo ziwa la kinamasi likawa tangi la kuhudumia usafiri. Mfereji wa kwanza ulihitaji mtaro wa pili, na mtaro wa pili ukahitaji malango, na malango yakahitaji mtu wa kuyafunga na kuyafungua. Hivi ndivyo inavyokuwa ukianza.

Lakini kuna historia nyingine iliyokuwa ikiendelea ndani ya maji yaleyale, na ndiyo iliyonifanya nisome habari hizi usiku kucha.

Kinamasi kilikuwa na watoro. Natumia neno letu makusudi, kwa sababu pwani yetu ililijua vizuri sana katika karne ya 19, watu waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa wakaenda kujenga vijiji vyao Fuladoyo na Makongeni. Huko Virginia watoro waliingia ndani kabisa, wakatafuta visiwa, yaani sehemu ndogo za ardhi kavu zilizoinuka kidogo juu ya mboji, wakakaa. Wengine miezi, wengine maisha yao yote, na watoto walizaliwa humo. Wanahistoria wanasema walikuwa maelfu katika vizazi mbalimbali. Mwanaakiolojia Dan Sayers amechimba baadhi ya visiwa hivyo tangu miaka ya 2000 na alichokipata ni kidogo na kinasema mengi: alama za nguzo za vibanda udongoni, vipande vya mawe ya zana za wenyeji wa kale vilivyochongwa upya na kutumiwa tena, vitu vichache mno kutoka madukani. Watu hawa walijitenga kwa dhati. Mahali ambapo Byrd alisema ndege hawapiti, wao walipika, waliganga wagonjwa, walizika.

Sasa weka mitaro kwenye picha hiyo. Kila mtaro ulioingia ndani ulikuwa hatari kwa mtoro, kwa kuwa ulileta mnyapara na mbwa karibu zaidi na kisiwa chake. Wakati huohuo uliwaleta wakata vigae, ambao walikuwa watumwa pia, na hapo biashara ikazaliwa. Wakata vigae waliishi kinamasini miezi mingi bila mnyapara wa karibu; walitakiwa kutoa idadi fulani ya vigae, na cha ziada walilipwa. Mimi hulipwa kwa neno, kwa hiyo hesabu ya aina hiyo naielewa haraka, ingawa sithubutu kulinganisha zaidi ya hapo. Basi mkata vigae alimpa mtoro chakula, nguo, pengine pesa kidogo. Mtoro alimkatia vigae. Vigae vya mtoro vikaingia kwenye hesabu ya yule mwenye ruhusa, vikapakiwa kwenye tishari, vikapita mferejini mchana kweupe hadi Norfolk. Frederick Law Olmsted, ambaye baadaye alibuni bustani kubwa ya Central Park huko New York, alipita kusini miaka ya 1850 akiandikia gazeti na akaeleza mpango huu. Mapaa ya watu waheshimiwa yaliezekwa kwa kazi ya watu ambao kisheria walikuwa wanawindwa.

Serikali ya North Carolina ilijua. Mwaka 1847 ilipitisha sheria iliyolenga watoro wa kinamasi hiki: kila mtumwa anayeingia kufanya kazi humo aandikishwe kwa karani, urefu wake, rangi yake, makovu yake, na atembee na karatasi yenye maelezo hayo. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Babu na nyanya zetu walikuwa na jina la kitu hiki, kipande, na kilining'inia shingoni. Miaka zaidi ya 70 na bahari nzima kati yao, ila akili iliyobuni ni ileile: ukitaka kujua nani hana ruhusa, waandike kwanza wenye ruhusa. Na zile kumbukumbu za makarani, zilizoandikwa ili kuwanasa watu, leo ndizo zinazotuonyesha kwamba wafanyakazi wa kinamasi walikuwa watu mmoja mmoja, huyu ana kovu juu ya jicho, yule amekatika kidole.

Kwa kuwa nimeshavuka bahari, acha nikae huku dakika moja. Tana yetu nayo ina mfereji. Belezoni ulichimbwa karne ya 19, zama za masultani wa Witu, kuunganisha Tana na mto Ozi ili mazao yafike Kipini bila kupita bahari mbaya. Mto ukaipenda njia mpya. Ulipanua mfereji mwenyewe, ukahamia humo, na leo Tana inaingia baharini Kipini kwa sababu watu fulani walichimba mtaro wa mitumbwi. Na Witu, kama kinamasi kile cha Virginia, ilijaa watoro. Sisemi historia hizi mbili ni moja. Witu ilikuwa usultani wenye bunduki na siasa zake, na delta ya Tana ni mafuriko ya mto, si mboji iliyolundikana. Nasema tu kwamba mwaka 2008, mipango ya kulima miwa kwenye maelfu ya hekta za delta ilipopigwa debe, maneno yaliyotumika yalikuwa ardhi iliyolala, ardhi isiyotumika. Wafugaji wanaoleta ng'ombe huko kila kiangazi, na Wapokomo wanaopanda mpunga maji yakishuka, walishangaa kusikia hawaitumii.

Turudi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, utumwa ukaisha kisheria na watoro wakatoka. Miti haikupata ukombozi. Reli nyepesi zilifika, mashine zikafika, na mwaka 1909 sehemu kubwa ikanunuliwa na kampuni moja ya mbao, Camp. Njia ya kufanya kazi ikawa hivi: chimba mtaro, tope lake litandaze pembeni liwe barabara, pitisha magari, kata, kisha sogea mbele uchimbe mwingine. Ramani ya sasa ya kinamasi inaonekana kama daftari la hesabu, mistari iliyonyooka inayokatana, kwa jumla zaidi ya maili 140. Hakuna kitu kilichonyooka hivyo katika kinamasi. Katikati ya karne ya 20 miti ya asili iliyokuwa imebaki ilikuwa imekatwa. Mierezi haikurudi ilivyokuwa, kwa kuwa inataka maji na mwanga kwa kipimo chake. Palipokauka ilikuja miti mingine inayovumilia ukavu, hasa mepo mwekundu, ikajaza kila mahali. Ukipita leo utaona kijani kibichi na utadhani msitu umepona. Ni msitu mwingine.

Mwaka 1973 warithi wa kampuni ile, Union Camp, walitoa ekari 49,100 zihifadhiwe, na mwaka 1974 Bunge la Marekani likaunda hifadhi ya wanyamapori ambayo sasa ina takriban ekari 112,000. Wengi wangemalizia hadithi hapo, kinamasi kimeokolewa, tupige makofi. Lakini hati ya ardhi ikibadilisha jina, mtaro hauachi kuvuja.

Mwaka 2003 kimbunga Isabel kiliangusha sehemu kubwa ya mierezi iliyokuwa imebaki. Mwaka 2008, wakati wa kuondoa magogo hayo, mashine moja ilisababisha moto. Nilisema mboji kavu ni kuni. Moto wa aina hii haukimbii juu ya majani ukaonekana na kupigwa maji. Unashuka, unakula udongo wenyewe, unatambaa chini kwa chini kama moto wa tanuri la makaa, mizizi inaungua na mti unaanguka bila hata kuwaka. Moto ule uliwaka siku 121. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2011, radi ikapiga sehemu zilezile zilizoungua na moto ukawaka siku 111, ekari 6,500 hivi. Katikati ya moto huo kimbunga Irene kilipita kikamwaga mvua kubwa juu yake, na bado haukuzimika. Wanasayansi waliopima baadaye walikuta udongo umeshuka kwa wastani wa karibu nusu mita. Nusu mita ya mboji ni mamia ya miaka ya majani, yamegeuka moshi katika miezi minne. Miche ya mierezi iliyokuwa imeanza kuota baada ya moto wa kwanza iliteketea pia.

Sasa kazi ya wahifadhi imekuwa kuchimbua historia kinyumenyume. Kwenye mitaro wameweka vizuizi vyenye mbao zinazopachikwa moja juu ya nyingine. Ukiongeza ubao, maji yanapanda nyuma yake na kuingia tena kwenye mboji. Ukitoa, yanashuka. Teknolojia hiyo angeielewa mara moja mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye mfereji mwaka 1805. Kazi ni ya taratibu na haina picha nzuri za kuonyesha wafadhili: kiangazi hiki maji yamesimama inchi kadhaa juu kuliko kiangazi kilichopita, basi.

Na kuna ugomvi, kama inavyotarajiwa. Mashamba na mitaa iliyoota upande wa mashariki, kwenye ardhi iliyokaushwa na lile tuta la tope, haitaki kusikia maji yakirudi karibu. Mfereji wenyewe ulinunuliwa na serikali kuu mwaka 1929, uko chini ya wahandisi wa jeshi, na mashua za starehe bado zinaupita zikielekea kusini, zikihitaji maji ya ziwa kama tishari za vigae zilivyoyahitaji. Kila kiangazi kikali swali ni lilelile la mwaka 1812: maji ya Lake Drummond yabaki kinamasini au yaende mferejini. Wahandisi wanapima kina cha ziwa, wanapiga simu, wanafungua au wanafunga lango.